Mara Yako ya Kwanza kwenye Maonyesho Makubwa ya Vito: Mambo Tuliyojifunza Tucson

Hebu tuanze na swali. Ukiingia Gikomba kwa mara ya kwanza na pesa zako zote mfukoni, bila kujua upande wa viatu ni upi na wa nguo za watoto ni upi, utatoka na nini? Wengi wetu tunajua jibu. Utatoka na kitu ambacho hukukihitaji, na nauli ya kurudi utaihesabu mara mbili ukiwa stejini.

Sasa chukua Gikomba, ongeza Maasai Market na Kongowea, kisha uyasambaze yote katika mji mzima: hotelini, kwenye mahema, ndani ya kumbi za mikutano na kando ya barabara kuu. Halafu badala ya mitumba weka mawe. Hayo ndiyo maonyesho ya vito na madini ya Tucson, katika jimbo la Arizona, Marekani. Hufanyika kila mwaka, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari.

Wawili kati yetu katika timu ya elimu kwa wateja tulienda huko kwa mara ya kwanza. Tulifuatana na mteja wetu mmoja, mweka hazina wa chama cha wanawake 14 kutoka karibu na Mwatate, Taita Taveta. Ametukubalia tusimulie yaliyompata lakini ameomba tusitaje jina lake, kwa hivyo hapa tutamwita Mama Hazina. Chama chake kilichanga shilingi 300 kwa kila mwanachama, kila wiki, kwa wiki 100. Hesabu inakuja shilingi 420,000. Pesa hiyo ndiyo iliyolipa tiketi, viza na malazi. Mizigo yake ilikuwa midogo, lakini huko Tucson mawe 9 ya tsavoraiti, yaliyokatwa na kung'arishwa, yalikuwa yanamsubiri kwenye meza ya mfanyabiashara mmoja Mkenya.

Unaweza kusema, "Mimi siendi Tucson, hii hainihusu." Subiri kidogo. Karibu kila kosa tulilofanya kule, au tulilokaribia kufanya, linaweza kukupata kwenye soko lolote kubwa usilolizoea. Na moja kati ya hayo lilitaka kupitia simu, kwenye huduma hii hii unayoitumia kila siku.

Somo la 1: Jua unakoingia kabla hujaingia

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani Tucson ni onyesho moja. Ni zaidi ya maonyesho 40 tofauti yanayofanyika kwa wakati mmoja, kila moja na mwenyewe, saa zake na masharti yake.

Lile la asili lilianzishwa mwaka 1955 na Tucson Gem and Mineral Society, chama cha wapenda mawe wa pale mjini. Walianzia katika shule ya msingi. Leo onyesho lao liko Tucson Convention Center, hufanyika katikati ya Februari, na mtu yeyote anaweza kulipa kiingilio akaingia. Huko hata majumba ya makumbusho kama Smithsonian huleta mawe yao watu wayaone. Kama unataka kushangaa tu, anzia hapo.

Mengine, kama AGTA GemFair na GJX, ni ya wafanyabiashara peke yao. Bila hati za kuonyesha kwamba uko kwenye biashara ya vito, utabaki mlangoni. Kisha kuna ya mahema na hoteli, ambako unakuta meza imejaa mawe ghafi, meza inayofuata ni mifupa ya mijusi wa kale, na ya tatu ni shanga. Kwenye African Art Village utakutana na wachuuzi wa shanga na vinyago kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Tulisikia hata Kiswahili, na tulifurahi kama watu waliopata maji jangwani. Na kwa kweli tulikuwa jangwani.

Siku ya kwanza tulitembea saa sita. Tuliona mengi na hatukukumbuka hata nusu yake. Siku ya pili tulichanuka: onyesho moja asubuhi, moja jioni, na katikati ni kukaa chini na kunywa maji. Kila meza iliyotuvutia tulipiga picha ya namba yake na kuandika bei kwenye simu.

Kwa mgeni, sheria yetu ni hii: siku ya kwanza ni ya macho, siku ya pili ni ya pesa. Ukinunua saa ya kwanza hujui bei ya soko. Unajua bei ya mtu mmoja tu.

Somo la 2: Gawa pesa ukiwa bado nyumbani

Mama Hazina alitufundisha hili. Kabla hajatoka Mwatate alikuwa ameshaigawa pesa yake mafungu matatu: ya kula na kusafiri, ya kununua vifaa vya chama (walitaka lupu nzuri na mizani ya karati), na ya dharura. Fungu la dharura hakuliweka mahali pamoja na mengine. Lilibaki kwenye akaunti ya chama, shilingi 81,000, na ili itoke lazima watu watatu wakubali: mwenyekiti, katibu na mwanachama mmoja.

Sisi tulimwona kama anajisumbua. "Mama, si ungekuja nayo tu?" Akajibu, "Wanangu, pesa iliyo karibu ndiyo inayoliwa." Kumbuka hizo 81,000. Tutazirudia.

Unapopanga, kumbuka pia mipaka ya huduma. Hapa Kenya, muamala mmoja wa pesa za simu hauzidi shilingi 250,000, na salio kwenye pochi haliwezi kupita shilingi 500,000. Kama unapanga malipo makubwa, usisubiri ufike kwenye meza ya muuzaji ndipo ugundue. Na ukibeba pesa taslimu, fahamu kwamba kuanzia dola 10,000 unapaswa kutoa taarifa kwa maafisa ukitoka Kenya, na kiasi kinachozidi hapo lazima ukitangaze ukiingia Marekani. Kubeba si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Somo la 3: Mwenye duka hajasema uongo, wewe ndiye hukuuliza

Arizona ni nchi ya feruzi, lile jiwe la buluu ya anga ambalo mabibi wa Pwani walilijua zamani kwenye pete na vipini. Mmoja wetu aliona mkufu wa buluu safi kabisa, dola 25. Akauliza, "Nzuri, eh?" Muuzaji akasema, "Nzuri sana." Pesa ikatoka.

Jioni tulimwonyesha mzee mmoja muuza mawe. Aliutazama kwa lupu, akaonyesha tundu la shanga moja: ndani ni jeupe. Halafu akatuonyesha jinsi rangi ilivyokusanyika kwenye nyufa ndogo. Lilikuwa jiwe jeupe la bei rahisi lililotiwa rangi ya buluu.

Tulitaka kurudi kugombana, lakini tukajiuliza: tugombane juu ya nini? Hakuna aliyetuambia ni feruzi. Tuliona buluu, tukajaza wenyewe.

Tangu siku hiyo tuna maswali manne, na tunashauri uyabebe vilevile:

1. Hili ni jiwe gani hasa? Jina kamili, si rangi. "Kijani" si jina la jiwe.
2. Limetoka ardhini au maabara? Rubi za kutengenezwa zimekuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Ni rubi kweli kwa vipimo, lakini bei yake haikaribii ya jiwe la mgodini.
3. Limefanyiwa nini? Mawe mengi hupashwa moto, hutiwa mafuta au rangi. Tanzanaiti karibu zote hupashwa moto ili buluu itoke, na wenye biashara wote wanajua. Tatizo si kutibiwa, tatizo ni kufichwa.
4. Utaniandikia hayo kwenye risiti? Hili ndilo swali kubwa. Mtu mkweli huandika bila shida. Anayeanza kuzungukazunguka, mshukuru na uende zako.

Na jambo moja dogo: mataa ya kwenye meza za vito huchaguliwa ili jiwe liwake. Omba ruhusa ulitazame karibu na dirisha. Usitoke nalo nje bila kuuliza, utaitwa mwizi bure.

Somo la 4: Bei ya nini?

Hapa ndipo wageni wengi huchezwa na hesabu, hata bila kuwepo mjanja yeyote. Kibandiko kinasema 300. Unafikiri ni bei ya jiwe. Kumbe ni bei ya karati moja, na jiwe lina karati 1.4. Mara 300, inakuja dola 420. Tukichukulia dola moja ni shilingi 130, hiyo ni tofauti kati ya shilingi 39,000 na 54,600.

Karati ni uzito. Karati 5 ni gramu 1. Wachimbaji wetu Taita Taveta huuza jiwe ghafi kwa gramu, mnunuzi wa Tucson anahesabu kwa karati. Kwa hivyo jifunze kubadilisha kichwani. Lakini usijidanganye kwamba gramu moja ya jiwe ghafi itakupa karati 5 za kito. Sehemu kubwa hupotea kwenye kukata, nyufa zikiondolewa na umbo likitafutwa. Ukipata karati 1 safi kutoka kwenye gramu 1, si ajabu. Ndiyo maana Mama Hazina na wenzake walivumilia mpaka mawe yao yakatwe kwanza. Walitaka kuuza kito, wasiuze matumaini.

Uliza pia kama bei inajumuisha kodi. Mnunuzi wa kawaida mjini Tucson huongezewa kodi ya mauzo ya zaidi ya asilimia 8. Na bei ya kibandiko mara nyingi si ya mwisho. Kupatana kunaruhusiwa, ila si kwa kelele. Swali la "bei yako ya mwisho ni ngapi nikichukua mawili?" lilitusaidia kuliko kuita kitu ghali mbele ya mwenyewe.

Somo la 5: Unapolipa

Malipo kule ni mchanganyiko: pesa taslimu, kadi, hundi, na programu za simu ambazo zinahitaji akaunti ya benki ya Marekani. Kama unatumia kadi pepe iliyounganishwa na pochi yako ya simu, zingatia haya:

- Chagua sarafu ya pale. Mashine ya kadi inaweza kukuuliza, "Ulipe kwa shilingi au dola?" Shilingi inavutia kwa sababu tunaielewa. Lakini ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango. Tuseme bidhaa ni dola 60. Kwa 130 ni shilingi 7,800. Mashine inaweza kukuandikia 8,300. Hizo 500 zimeenda kwa sababu ulibonyeza neno ulilolizoea.
- Washa huduma ya laini yako nje ya nchi kabla ya kusafiri. Nambari za kuthibitisha malipo huja kwa ujumbe kwenye laini yako ya Kenya. Laini ikizimwa, kadi nayo ni kama imezimwa.
- PIN ni yako peke yako. Mtu akikuambia "nipe simu nikusaidie, menyu yenu siielewi", mwambie hata wewe huielewi na uirudishe mfukoni.
- Usiingie kwenye pochi yako kupitia intaneti ya bure ya hotelini au hemani. Tumia data yako.
- Omba risiti yenye jina la muuzaji, namba ya meza na maelezo ya jiwe. Wiki mbili baadaye lile hema halipo tena.

Somo la 6: Unapolipwa (na hapa ndipo moyo ulitudunda)

Siku ya nne. Mwenye meza, yule mfanyabiashara Mkenya mwenye leseni na kibali cha kusafirisha madini, alikuwa ametoka kukutana na mteja upande wa pili wa mji. Mama Hazina alibaki mezani na sisi pembeni. Saa tisa alasiri akaja mzee mmoja mtanashati. Aliyatazama mawe kwa lupu yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejua. Akachagua matatu. Jumla karati 3.6, dola 500 kwa karati. Hakupatana sana. Dola 1,800.

Ilikuwa mauzo ya kwanza ya maana tangu tufike. Mama alikuwa anatabasamu mpaka machozi.

Mzee akatoa kitabu cha hundi. Akaandika kwa jina la biashara ya mwenye meza, lakini akaandika dola 2,400. Akaeleza kwa upole kwamba ana mwenzake Nairobi anayemdai dola 600. Kwa kuwa sisi ni Wakenya, na sote tunajua Kenya pesa inatumwa kwa simu, je, Mama angeweza kumtumia yule mwenzake hizo 600 sasa hivi? Akampa namba. Namba ya Kenya kabisa. Kisha hundi yote ingekuwa ya Mama, na mawe yangekuwa yake.

Shilingi 78,000. Na kwenye akaunti ya chama mlikuwa na 81,000.

Sasa tukiri jambo. Sisi wawili, tunaolipwa mshahara kukufundisha usalama wa pesa, tulikuwa tumesimama pale tukimsaidia Mama kupiga hesabu ya dola kwa shilingi. Hatukushtuka. Mtu alikuwa na heshima, alijua mawe, alikuwa na umri wa kuitwa baba. Zaidi ya yote tulitaka sana Mama auze.

Kilichotuokoa hakikuwa akili yetu. Mama alituma ombi kwa wenzake watatu, na hakuna aliyejibu. Tucson iko nyuma ya Kenya kwa saa 10. Saa tisa alasiri pale ni saa saba usiku Mwatate. Watu walikuwa wamelala. Mzee alisubiri, akatazama saa, akauliza kama hakuna njia nyingine. Mama akamwambia kwa Kiingereza chake cha pole pole, "Pesa si yangu. Ni ya watu 14." Mawe akayarudisha kwenye kisanduku. Mzee akasema sawa, atarudi kesho, na hundi yake akaiacha mezani.

Saa kumi na moja jioni mwenye meza alirudi. Aliitazama hundi kwa muda mrefu. Akatueleza jambo ambalo kila anayeuza nje anapaswa kulijua: hundi ikiwekwa benki, pesa inaweza *kuonekana* kwenye akaunti baada ya siku moja au mbili, kabla benki haijajua kama hundi yenyewe ni nzuri. Ikibainika ni mbovu, hata wiki kadhaa baadaye, benki huichukua pesa yake. Lakini zile 600 zilizotumwa Nairobi kwa simu? Mpokeaji angekuwa ameshazitoa kwa wakala zamani.

Saa mbili usiku, ambayo ni saa kumi na mbili asubuhi nyumbani, mwenyekiti alipiga simu. Mama alimsimulia yote. Upande wa pili kulikuwa na kimya, kisha tukasikia, "Dada, kama ana hundi, kwa nini asimwandikie huyo mwenzake hundi yake?"

Swali moja tu, la mtu aliyetoka kitandani hata chai hajanywa, na sisi watatu hatukuwa tumeliuliza.

Mzee hakurudi kesho yake, wala siku iliyofuata. Hatuwezi kusema alikuwa tapeli, hatuna ushahidi. Tunachojua ni kwamba hakurudi, na kwamba shilingi 78,000 bado ziko Mwatate.

Shika kanuni hizi:

- Anayekulipa zaidi ya bei ili umrudishie au umtumie mtu mwingine, simamisha biashara hapo hapo. Iwe ni hundi Tucson, au mnunuzi wa kochi lako mtandaoni anayekuonyesha picha ya ujumbe wa malipo. Mchezo ni ule ule.
- Usibadilishe pesa ya haraka kwa pesa ya polepole. Pesa ya simu inafika kwa sekunde. Hundi inathibitishwa kwa siku. Kati ya hapo ndipo watu hupotezea akiba.
- Bidhaa haiondoki mpaka pesa ithibitishwe na mwenye akaunti, si na mnunuzi, si na picha.
- Pesa ya kikundi iwe na mlango unaofunguliwa na zaidi ya mtu mmoja. Ucheleweshaji uliotukera ndio uliofanya kazi.

Somo la 7: Mali kauli lazima iandikwe

Kwenye biashara ya vito kuna desturi ya kumpa mnunuzi mawe aende nayo, akapate mteja, kisha alipe au arudishe. Wenyewe huita memo. Sisi tumezoea kuiita mali kauli. Ni desturi ya kweli na watu wazima huitumia kila siku. Ila karatasi yao huandika kila kitu: uzito wa kila jiwe, bei, picha, tarehe ya kurudisha, na kwamba jiwe ni la mwenyewe mpaka pesa ilipwe. "Nitakupigia" si memo. Mgeni wa mara ya kwanza, tunakushauri usitoe jiwe kwa mali kauli kwa mtu ambaye mwenye meza yako hamjui.

Somo la 8: Pesa ikirudi nyumbani

Unapotumiwa pesa kutoka nje hadi kwenye pochi yako, usiangalie ada peke yake. Tuseme unatumiwa dola 500. Wa kwanza anasema ada ni sifuri, kiwango chake 124: unapata shilingi 62,000. Wa pili anakata dola 5, kiwango chake 129: dola 495 zinakupa shilingi 63,855. Mwenye "bure" amekula shilingi 1,855 zaidi. Swali la kuuliza ni moja: mkononi nitapata shilingi ngapi?

Na kwa wanaofikiria kupeleka mawe: Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inataka kibali cha kusafirisha madini nje ya Kenya. Jiwe mfukoni bila karatasi linaweza kukugeuza mshukiwa hata kama ulilichimba mwenyewe. Kama bado hujafika huko, kituo cha vito cha Voi ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Mwisho wa safari

Mama Hazina aliuza mawe 5 kati ya 9, mawili kati yao ni ya yale matatu ya mzee, kwa bei ya chini kidogo kuliko alivyotarajia. Mnunuzi alilipa kwa uhamisho wa benki, na mwenye meza alisubiri ithibitishwe kabla ya kufungua kisanduku. Manne alirudi nayo. Alinunua lupu na mizani. Hakurudi tajiri.

Siku ya mwisho tulimpeleka Convention Center, kwenye onyesho lile la asili, akaone tu. Alisimama mbele ya kabati la kioo lenye tsavoraiti na akasoma maelezo pole pole. Jiwe hilo la kijani liligunduliwa Tanzania mwaka 1967 na mwanajiolojia Campbell Bridges, kisha likapatikana Kenya miaka michache baadaye. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ilianza kulitangaza kwa jina linalotokana na Tsavo. Mama akagusa kioo akasema, "Tsavo. Kwetu hapo nyuma ya nyumba." Kisha akatoa simu akapiga picha ya kutuma kwenye kundi la chama, halafu akasita. "Hapana. Saa hizi wamelala."

Zoezi la wiki hii: kaa na chama chako, au na mwenzako wa nyumbani, mjibu maswali matatu. Pesa yetu ya dharura iko wapi? Ni watu wangapi lazima wakubali ndipo itoke? Na mtu akitulipa zaidi leo jioni akitaka tumrudishie salio, nani kati yetu ndiye atakayesema "ngoja kwanza"?

Kama umeshawahi kulipwa zaidi namna hiyo, tupigie au tuandikie kupitia menyu ya Msaada kwenye programu yetu. Huenda kisa chako ndicho kitakachomzuia mwingine asibonyeze "Tuma".